Mafuta ya Kondoo Kwenye Pikipiki ya Baba

Harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo ikikutana na ya petroli, hainipiti hata leo. Ndiyo harufu ya banda letu kule Gitting msimu wa baridi, ukungu ukishuka kutoka Mlima Hanang na kulala juu ya ngano mpaka jua lipande. Baba alikuwa wa kwanza kijijini kuwa na pikipiki, ile ya zamani ya kuchanganya oili na petroli. Aliuza ng'ombe kuinunua, watu wakasema amerogwa. Kila Jumamosi alitandika gunia, akapanga spana, akafungua plagi na kuisugua kwa msasa, akakaza mnyororo, akapuliza kabureta kwa mdomo mpaka macho yakamtoka. Hakufundishwa na mtu. Mimi nimeishia darasa la tatu, na nyumba yangu nimeijenga kwa kazi ya pikipiki, kwa hiyo nasema bila aibu: ufundi wangu wote nimeutoa kwenye gunia lile.

Baba akimaliza, zamu ilikuwa ya mama. Nyumbani kwetu mafuta ya kondoo alipakwa mtoto mchanga, ilipakwa kamba ya ngozi isikatike, ilipakwa hata fimbo ya anayesafiri ili arudi salama. Basi mama aliipaka pikipiki yote, tangi, mfuniko wake, mpaka taa. Baba akinung'unika, alimjibu, "Wewe umetunza matumbo, mimi natunza ngozi." Baba alicheka. Alipenda ing'ae.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, na uchungu ukamshika alfajiri moja ya baridi ya kukata masikio. Hospitali ilikuwa mbali, njia ya milima. Baba akapiga kiki, ikawaka, akampakia mama, nami nikakimbia nyuma na mfuko wa nguo. Hawakuvuka hata kona ya mikaratusi. Ikakohoa, ikazima. Baba akafungua tangi kutazama petroli, na mfuniko ukalia fyuu, kama mtu aliyechoka. Petroli ilikuwa tele. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka. Wakasogea kidogo, ikazima tena. Akatoa plagi, cheche zipo. Akapuliza mpira wa petroli, haukuwa umeziba. Kila akifungua mfuniko, fyuu. Kila akiufunga, inawaka kidogo halafu inakufa.

Jirani yetu, mzee Tluway, akatoka na blanketi lake mabegani. "Baba Safari, huyu ng'ombe wako wa chuma amegoma? Wangu wa nyama angekuwa amefika."

"Shikamoo mzee. Sukuma kwanza, utanicheka baadaye."

"Marahaba. Nasukuma, lakini hata yeye simwoni kama anataka."

Mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, ameuma kanga. "Mkimaliza kumbembeleza huyo," alisema, "mnikumbuke na mimi." Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilishika plagi kiganjani, ina moto, nikasubiri niambiwe la kufanya. Baba alinitazama kana kwamba mimi ndiye nitamwambia.

Wanaume wakaleta kitanda, wakambeba mama. Baba akabaki nami anahangaika nayo, maana aliamini akiiwasha atawapita. Jua lilipopanda na kuchoma, akapiga kiki moja tu. Ikawaka, ikanguruma vizuri kama haikuwahi kuugua. Tukawafuata mbio. Tulipowakuta, kitanda kilikuwa chini na hakuna aliyekuwa na haraka tena. Mama alipona. Dada yangu alizaliwa njiani, hana pumzi.

Baba aliifungua ile pikipiki kila Jumamosi akitafuta ugonjwa wake, mpaka alipoiuza. Hata alipokuwa anakufa aliniuliza, "Ilikuwa na nini ile?" Jibu lilikuja yeye akiwa ameshazikwa, siku pikipiki yangu iliponizimikia njia ya Balangdalalu, tope limeganda kwenye mfuniko. Nikaufungua, nikasikia fyuu. Nilikaa chini barabarani. Mfuniko wa tangi una katundu kadogo ka kupitisha hewa. Kakiziba, petroli haishuki. Ukifungua, hewa inaingia, inawaka. Na mafuta ya kondoo huganda kwenye baridi, huyeyuka juani.

Siku hizi unapiga simu, bodaboda inafika kabla hujafunga mlango, na fundi yuko kila kona. Mama yu hai, mzee sana. Nikienda, baada ya shikamoo ananiambia, "Lete huyo nimpake," na anapaka tangi lote na mfuniko wake. "Baba yako alikuwa fundi," husema. "Siku ile kuna kitu alisahau tu." Mimi watu wananijua kwa kusema ukweli usoni mwa mtu. Lakini yeye namsubiri aingie ndani kunawa, natoa sindano kwenye ukosi wa koti, nazibua katundu, naifuta sindano kwenye suruali. Harufu inabaki nami mpaka nyumbani.