Vipande Vinane vya Nyumba ya Spesioza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi mjini Gitega, Direkta, yaani mwalimu mkuu, hakunipeleka darasani. Alinipeleka kuona vitambaa. Alivua ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni mwake, akafungua chumba cha mwisho, na ndani nikaona meza nne. Juu ya kila meza kulikuwa na kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, vile tunavyofunika viti vya sebuleni tukitarajia wageni. Akainua ncha ya kitambaa kimoja kwa vidole viwili. Chini yake ilikuwa kompyuta.

Mimi nilikuwa nimetoka Bujumbura kwenye mafunzo ya wiki tatu, na nilipelekwa Gitega kwa ajili ya kompyuta hizo hizo. Nikamuuliza nianze lini na watoto.

"Pole pole, Madame Ashura," akasema. "Hizi machine haiko ya watoto. Iko ya wageni. Mtoto akiharibu, mi nitajibu nini kule juu?"

Akafunga mlango. Hasira niliyoondoka nayo siku hiyo ninayo mpaka leo, na ninyi walimu vijana mnaoniomba niandike habari za kazi yetu mtanivumilia.

Ninyi leo mnawafundisha watoto kupanga programu kwa kuburuta vipande vya rangi kwenye skrini. Programu, kwa asiyejua, ni orodha ya amri ambazo mashine inazifuata moja baada ya nyingine bila kuongeza wala kupunguza. Sisi tulifundishwa kumwongoza kobe. Alikuwa alama ndogo kwenye skrini; ukimwandikia aende mbele, anakwenda huku akichora mstari, na ukimwandikia ageuke kulia, anageuka. Ilikuwa kazi inayomfaa mtoto wa miaka kumi kabisa, isipokuwa kobe wangu alifungiwa chini ya kitambaa.

Nikaenda kwa baba. Baba alikuwa fundi seremala, na karakana yetu ilijaa mabaki ya mbao. Nikamweleza amri zenyewe, naye akanichongea vipande. Kila amri ilikuwa kipande chake, chenye ulimi upande mmoja na tundu upande wa pili, hivyo vikashikana kwa mfuatano. Kipande cha "mbele" kilikuwa na namba ya hatua. Cha "kulia" kilikuwa na namba pia, kwa sababu baba alichonga gurudumu lenye meno kumi na mawili, mtoto akasimama juu yake na kuhesabu meno ya kugeuka: matatu kwa pembe ya ukuta, kumi na mawili kwa mzunguko mzima. Cha "rudia" alikichonga mfano wa jiliwa, ile inayobana mbao mezani, kikakumbatia vipande vingine katikati yake. Miaka mingi baadaye niliona vipande vya skrini zenu, na cha kurudia kina umbo lile lile. Nililia kwa hasira. Baba yangu hakuwahi kuona skrini hata moja.

Kobe alikuwa mtoto. Tulimpa mkebe wa majivu uliotobolewa chini, akatembea uwanjani akifuata vipande, na majivu yakachora mstari. Siku ya kwanza kobe wetu, Jeremia, alienda hatua tatu tu akasimama. Mlinzi wa shule alikuwa anapita. Jeremia aliweka mkebe chini, akatoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, akamsalimia mzee vizuri kama alivyolelewa, kisha akasahau alikuwa hatua ya ngapi.

"Kobe hasalimii!" nikamkemea. "Anafanya lililoandikwa, basi."

Spesioza akainua kidole. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la tano, aliyekimbia kutoka Makebuko na nyanya yake baada ya nyumba yao kuchomwa vitani, na wakati huo alilala kambini mwa waliohama makwao, pamoja na karibu nusu ya wanafunzi wangu.

"Madame, tuweke kipande ya salamu. Basi kobe atasimama vizuri, ataendelea."

Lilikuwa jibu sahihi kuliko langu. Lakini nilikuwa na cheti changu kipya na kichwa kikubwa, nikamwambia amri ya namna hiyo haiko kwenye mashine.

Spesioza alitaka kuchora kitu kimoja tu, nyumba yao ya Makebuko. Alitumia vipande vinane. Rudia mara nne, mbele tano, kulia tatu: hizo ni kuta. Mbele tano, kupanda mpaka juu ya ukuta. Kulia tatu, kuelekea paa. Kisha rudia mara tatu, mbele tano, kulia nne. Jeremia akatembea, na paa likaangukia ndani ya nyumba. Watoto wakacheka. Spesioza hakucheka.

"Ni kweli," akasema. "Ilianguka ndani hivyo hivyo."

Alikaa juu ya gurudumu la baba akageuka huku na huku, kisha akachomoa kipande kimoja, "kulia tatu" ya katikati, akaweka "kulia moja." Jeremia akatembea tena, na paa likakaa juu ya kuta.

"Ile machine inaweza kuichora hii?" akaniuliza. "Na isifutike na mvua?"

Nikamwahidi. Nilisema kabla hajamaliza darasa la sita ataiona nyumba yake kwenye skrini. Nilimbembeleza Direkta mwaka mzima, mpaka akakubali jambo moja: Mkuu wa Elimu wa mkoa akija, watoto wamwonyeshe uwanjani, na akipendezwa, chumba kitafunguliwa, Spesioza aingie.

Mkuu alikuja na viatu vilivyong'aa. Akasimama juu ya mstari, pale pale kobe alipotakiwa kupita. Jeremia akaja na mkebe wake, macho chini, akihesabu. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Hakusimama, hakutoa mkono. Alipita mbele ya mtu mzima kana kwamba anapita mbele ya nguzo, na majivu yakamwagikia vile viatu.

"Huyu mtoto iko na wazazi?" Mkuu akauliza kwa sauti.

Hakuwa nao. Wote wawili walikuwa wameuawa, na Direkta alijua, na akatazama pembeni.

"Ni mimi niliyemfundisha asisimame," nikasema.

"Ah bon! Kumbe hii ndiyo programu? Kufundisha watoto kudharau wakubwa?"

Chumba hakikufunguliwa. Wiki ile ile nilipata barua ya kuhamishiwa Muyinga "kwa mahitaji ya kazi." Spesioza alinisindikiza mpaka langoni. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Njiani kwenda Muyinga askari kwenye kizuizi walimwaga gunia langu la vipande chini wakidhani ni alama za siri. Nilipiga magoti nikawapangia nyumba ya Spesioza palepale barabarani mpaka wakaniruhusu. Muyinga nilifundisha miaka mingi, bila umeme na bila kompyuta, darasa likipungua kila familia zilipovuka kwenda Tanzania. Direkta wa pale alinipa uwanja na kuniacha nifanye kazi. Na baba, uzee ukiwa umemfikia, alinichongea kipande cha tisa, cha salamu, chenye mkono mmoja ulionyooshwa. Watoto wa Muyinga walikiweka kila mahali. Kobe wao walisalimia watu wazima wote mjini na hawakupoteza hata hatua moja.

Vita vilikwisha, nikarudishwa Gitega kumalizia utumishi wangu. Yule Direkta alikuwa ameshaondoka. Mpya alinipa ufunguo bila swali. Vitambaa vilikuwa vyeupe, vimepigwa pasi. Mlinzi aliniambia viliendelea kufuliwa kila Jumamosi, vita au si vita. Chini yake panya walikuwa wamezaa. Hakuna mashine hata moja iliyowaka. Vibao vya herufi vilikuwa bado na nailoni yake ya dukani.

Nilipostaafu nilipanda gari mpaka Makebuko na gunia langu. Nilimkuta Spesioza, aliyekuwa amerudi kwao, sokoni akiuza maharage, mama wa watoto wawili. Tulisalimiana kwa muda mrefu. Kisha nikapanga vipande kwenye mkeka wake, ingawa macho yangu si yale ya zamani.

Alivitazama kidogo tu. Mkono wake ukaenda moja kwa moja katikati, ukachomoa kipande.

"Madame, umeangusha paa."

Akaweka "kulia moja." Kisha akaona cha tisa kwenye gunia, chenye mkono, akakigeuza geuza, akanitazama. Nikamwambia alisema kweli siku ile ya salamu na mimi ndiye nilikosea, na kosa langu lilimgharimu yeye. Akakichomeka mwanzoni mwa nyumba, mbele ya vingine vyote.

"Na ile machine," akauliza, "mwishowe iliichora?"

"Haikuichora. Haikuchora kitu cha mtoto yeyote."

"Sasa miaka yote ile walikuwa wanafanya nini nayo?"

Nilitaka kumpa jibu zuri kuliko lile nililokuwa nalo. "Walikuwa wanafua vitambaa," nikasema.