Wifi Yangu na Joto la Mwanzo

Kazini walimwita Chuma. Mimi nilikuwa na haki ya kumwita majina mengine, kwa sababu alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Siku niliyoletwa kwao kama mke alinizunguka kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, akasema mdogo wake ameoa mwiko. Nilikuwa mwembamba enzi hizo. Nikamjibu kwamba mwiko ni afadhali kuliko sufuria lenye masizi, na watu wazima waliokuwapo wakashika vichwa. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hatukuwahi kuongea kama watu wa kawaida.

Ni yeye aliyenitafutia kazi. Tulipiga pasi mashuka na foronya za nyumba za wageni, katika chumba kirefu nyuma ya duka la dobi, bati juu bila dari, madirisha upande mmoja tu. Katikati kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Umeme ukitaka unakuja, usipotaka hauji, kwa hiyo pasi zetu ni zile za mkaa, zenye tumbo la kutia makaa na mpini wa mbao. Mwisho wa meza, mbali kabisa na mlango, kuna jiko kubwa la kuwashia makaa hayo. Pale tunapaita kichwani. Anayesimama kichwani anapiga pasi, anachochea jiko, anawajazia wenzake makaa, na mgongo wake unaokwa mchana kutwa. Chuma alisimama pale tangu binti yake akiwa anatambaa.

Alikuwa na utaratibu wake kwa wanawake wapya, na hakuna aliyethubutu kuupinga, hata Bosi. Mpya anaanza mlangoni, kwenye kukunja, hewa inampiga. Akishazoea anasogezwa kidogo kwenda ndani, halafu kidogo tena, mpaka mwili wake uukubali moto. Walikuja wasichana wenye afya zao, mikono kama ya wabeba mizigo, wakataka kwenda moja kwa moja katikati ya meza. Chuma aliwarudisha mlangoni kwa kidole. "Mwili unafundishwa," aliwaambia, "kama mtoto anavyofundishwa kwenda chooni. Ukimharakisha atakuchafulia." Mimi aliniacha mlangoni muda mrefu kuliko wote, akidai mwiko ukiwekwa karibu na jiko unaungua.

Na kweli tulizoea. Kiangazi kilipowalaza watu vivulini na midomo wazi, sisi kilitukuta tunapiga soga. Jasho lilianza kututoka mapema, jepesi kama maji, na kichwa kikabaki salama. Tulikuwa tunajiona watu wa aina nyingine kabisa. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumesogezwa polepole na mwanamke mmoja mwenye mdomo mchafu na moyo mkubwa, basi.

Binti yake wa pekee aliolewa milimani, huko ambako watu wanalala na blanketi mbili na maji ya bomba yanauma meno. Mwaka ule alijifungua kwa kupasuliwa, na kidonda kikakataa kupona. Chuma akafunga safari kwenda kumuuguza. Alisema anaenda na kurudi. Akakaa msimu mzima wa baridi, anaogesha mtoto, anapika, anaosha kidonda. Alinipigia simu mara kwa mara kunitukana. "Wifi," aliniambia siku moja, "huku hata jasho nimesahau linafananaje." Nikamwambia ajipake mafuta ya kupikia, atalikumbuka.

Alirudi amenenepa, ngozi inang'aa, na sweta la sufu mkononi. Joto la mwaka ule lilikuwa limeingia siku chache tu kabla yake, nalo halikubisha hodi. Juzi ilikuwa mvua, leo kuta zinachoma. Usiku haukupoa hata kidogo, watu wakawa wanatoa magodoro nje. Wiki hiyo mtaani kwetu tulimzika fundi viatu, mzee wa watu, na baada yake mama mmoja aliyekuwa na presha. Walisema ni moyo, wakasema ni umri. Hakuna aliyetaja joto. Joto lilikuwa letu, tumezaliwa nalo, nani angelisingizia?

Alipokwenda kumsalimia Bosi, alikuta mwenzetu mmoja, Mrefu, ndiye aliyekuwa akishika nafasi yake kichwani. Bosi akamwambia, "Mama, umekula chumvi ya kutosha sasa. Mrefu abaki pale kwenye jiko, wewe ukae kwenye kukunja." Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Ni kijana anayependa kupanga mambo. Lakini Chuma alikuja nyumbani kwangu jioni hiyo akichemka, akavua viatu mlangoni kwa kuvitupa.

"Ananiambia nikunje foronya. Mimi."

"Si mbaya," nilisema. "Kaa mlangoni wiki mbili hivi, halafu utarudi kwenye jiko lako."

"Ahaa. Kumbe mwiko nao unataka kichwani."

"Mlangoni ndipo wanapoanza wageni, na wewe ni mgeni. Umetoka kwenye barafu."

Alicheka, na mume wangu akacheka naye kutoka kwenye kiti chake. Mimi sikuwa ninacheka. Nilikuwa nimeitazama ile ngozi yake laini, na jinsi alivyokuwa akihema kwa kutembea tu kutoka kwa Bosi hadi kwangu, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona kwa kila msichana mpya. Nikajaribu kukisema sawasawa. Nikamwambia, "Dada, nakuomba. Anza mlangoni."

Loo, nilikosea kusema dada. Sikuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Aliishika mikono ya mdogo wake. "Mkeo anaumwa," alisema. "Mpeleke akapimwe, leo mimi nimekuwa dada." Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Nikaona haya, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Miaka yote hiyo tulijenga lugha yetu ya matusi, tukaipenda, na nilipohitaji nyingine nilikuta hatuna.

Asubuhi alifika kabla yetu. Tulikuta jiko limeshawaka na yeye amesimama pale, kitambaa kichwani, mikono ya blauzi imekunjwa. Mrefu alimkabidhi pasi kwa mikono miwili kama anayempa mtoto, akasogea nafasi moja chini kwa furaha, maana hakupenda kulikalia jiko la mwenyewe. Wanawake wakapiga makofi. Bosi alichungulia mlangoni, Chuma akainua pasi juu kumwonyesha, naye Bosi akatikisa kichwa akaenda zake. Bati lilikuwa limeanza kulia kwa joto, na jua lilikuwa bado la asubuhi.

Alipiga mashuka kama zamani, pindo kwa pindo, bila kukunja uso. Jasho lilimtoka mpaka blauzi ikamganda. Nikamsogezea kikombe cha maji, akakisukuma kando na kusema nimetia mate. Nikakirudisha, akanywa fundo moja ili ninyamaze. Kuelekea mchana nilimtazama tena, nikaona uso wake umekauka. Nikashusha pumzi. Nilijiambia mwili wake umekumbuka, kumbe nilikuwa naogopa bure.

Baadaye kidogo alisema, "Wifi, funga hilo dirisha. Baridi inaingia."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mrefu aliinamia meza akijishika mbavu. Hivyo ndivyo Chuma alivyokuwa, akikuchekesha hata ukiwa na homa. Hakucheka yeye. Aliweka pasi chini, akaenda kwenye rafu ya mizigo ya wateja, akavuta blanketi moja la sufu, akajifunika mabegani na kulishika kifuani kwa mikono yote miwili. Alikuwa anatetemeka. Wanawake walikuwa hoi kwa kicheko, wengine wanamwomba aache watakufa. Nami nikatia langu, maana ilikuwa zamu yangu. "Nikuletee na chai ya moto, bibi wa milimani?"

Alinitazama kwa upole. "Asante, wifi yangu," alisema. "Asante sana."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilimpikia mwanamke yule siku za msiba wa mumewe, akasema chumvi imezidi. Nilimuuguza alipoteguka mguu, akasema mikono yangu ina makwaruzo kama ya fundi ujenzi. Mtoto wangu wa kwanza nilimpa jina lake, akasema maskini mtoto. Asante hakuwahi kunipa. Niliiacha pasi juu ya shuka, ikaunguza tundu, nikamkimbilia. Shavu lake lilikuwa kavu, la moto kama kitambaa kilichotoka chini ya pasi. Akaniangukia.

Tulimburuta hadi nje kwenye kivuli cha ukuta, tukamvua lile blanketi, tukammwagia maji yote ya kunyunyizia mashuka. Bosi mwenyewe alimbeba hadi kwenye gari lake. Hospitali walimfunika mashuka yaliyolowa, wakamwekea feni na dripu, wakahangaika naye kweli. Daktari, mwanamke wa rika langu, aliniita pembeni akaniuliza kama kazi ile alikuwa ameianza karibuni. Nikamwambia ameifanya maisha yake yote. Akauliza kama kuna wakati aliiacha. Nikamweleza habari za milimani.

"Basi ndiyo hiyo," alisema taratibu. "Mwili ukikaa kwenye baridi muda mrefu, mazoea ya joto yanaondoka. Akirudi anaanza upya kama mgeni."

Nilitaka kumpiga kofi. Si kwa kosa lake. Kila mwanamke kwenye meza ile alilijua jambo hilo, na aliyetufundisha alikuwa amelala nyuma ya pazia. Tulilijua kwa ajili ya wengine. Hatukufikiri kwamba Chuma naye alikuwa na mwili. Alikata roho jua likiwa bado halijazama.

Bosi alilia makaburini bila kujificha. Nilitafuta namna ya kumchukia, sikuipata. Alikuwa mtu pekee, ukiniacha mimi, aliyemwambia asimame mlangoni. Kwa sababu nyingine, ya umri, lakini alimwambia. Mume wangu hakulia mbele za watu. Usiku alikaa kitandani akiniuliza mara moja moja kama yale niliyosema jioni ile yalikuwa utani, na kila mara nilimwambia ndiyo, yalikuwa utani tu, alale.

Joto kali lenyewe lilikuja baada ya hapo. Lile la mwanzo lilikuwa salamu. Siku zile za baadaye lami ilinata kwenye viatu na kuku wakafa mabandani, na kwenye meza yetu hakuna aliyeanguka. Mitaani pia misiba ilipungua, watu walikuwa wamekwisha kuzoea. Nilisimama pale nikipiga shuka baada ya shuka, jasho jepesi likinitoka, kichwa kizima, na nilikuwa na hasira na kila pumzi yangu. Wiki mbili tu za kukunja foronya, na angekuwa pale kichwani ananisimanga.

Binti yake alichelewa mazishi kwa ajili ya kidonda. Alipofika na mtoto, nilimvua mtoto kofia na soksi kabla sijamsalimu mama yake, nikamfuta kwa kitambaa chenye maji, nikawakalisha kwenye kibaraza cha nyuma ambako kuna upepo. Akanitazama nikifanya yote hayo.

"Anti," alisema, "mama alisema nini mwisho?"

Niliwaza nimpe neno gani zuri. Sikupata. Nikamwambia lililotokea. "Alisema asante."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Alijifuta machozi, na uso wake ukatulia. "Basi alilisema," alisema. "Huko kwangu alikuwa anakutaja kila siku. Ananiambia, yule mwiko amenitunza kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sijamwambia hata asante. Nikirudi nitamwambia. Halafu anacheka, anasema wewe utadhani anaumwa."

Mtoto alikuwa amelala mapajani pangu, jasho limeanza kumtoka kwenye paji la uso, dogo dogo. Mpaka saa ile nilikuwa nimejiambia kwamba neno lile lilisemwa na joto, na kwamba wifi yangu hakuwapo pale akinitazama. Nilikuwa naweza kuishi na hilo. Sasa sijui tena. Huenda alikuwapo. Huenda alilitoa lile neno alilolibeba kutoka milimani, amesimama na blanketi la watu, anatetemeka, na chumba kizima kinamcheka, na mimi nikiwa nacheka pamoja nao.