Niliwahi kuwa Shetani wa kijiji kule Ufipa, nusura nikose mke

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Juzi humu ndani kulikuwa na uzi unauliza: kama Mungu ni mwema, uovu ulitoka wapi na kwa nini watu wanateseka? Mkachapana kwa aya za Biblia mpaka uzi ukafungwa.

Mimi nilinyamaza. Ila nimelala, nimeamka, nikaona hapana. Hapa nina la kusema, maana katika nyie wote nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kuwa Shetani.

Siongezi chumvi. Shahidi yuko jikoni sasa hivi anapepeta ulezi.

Kwa sasa naishi Kizwite, hapa Sumbawanga, nimestaafu. Lakini asili yangu ni Mbeya. Huku Ufipa nililetwa na kazi enzi za vijiji vya ujamaa, nikiwa kijana, dereva wa trekta la kijiji. Trekta lenyewe lilikuwa kama mzee mwenye pumu, leo limeamka, kesho limelala. Kwa hiyo muda wa kupenda nilikuwa nao mwingi.

Nikampenda Leokadia.

Baba yake, Mzee Kasiani, alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli. Mimi nilikuwa Mprotestanti, halafu mtu wa kuja. Nilipopeleka posa alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akasema, "Kijana, kwanza tukuone kanisani."

Nikaanza mafundisho kwa katekista wetu, Aloisi. Mtu mpole, mwembamba, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtoto.

Sasa siku moja, Kwaresma ikikaribia, Aloisi akapata wazo la kuonyesha mchezo wa Adamu na Eva mbele ya kanisa, watu waelewe dhambi ilivyoingia duniani. Na mkubwa mmoja kutoka Sumbawanga mjini angekuja kukagua kijiji siku hiyohiyo, basi naye aone tulivyostaarabika.

Adamu alipatikana haraka: Bwana Venansi, katibu wa kijiji. Eva akawa Mama Gaudensia, mpika pombe ya ulezi, mama mcheshi asiyeogopa mtu.

Shetani akakosekana.

Kila aliyeulizwa, mgongo ulikuwa unamuuma. Mwisho Aloisi akaja kwangu. "Mwanangu, ukikubali hii, Mzee Kasiani ataona unyenyekevu wako."

Wakuu, mapenzi ni upofu. Nikakubali.

Nikapakwa masizi ya chungu uso mzima, nikafungiwa mkia wa ng'ombe kiunoni. Tunda lilikuwa pera.

Siku ikafika. Mgeni akawa haonekani, gari lake limekwama kwenye tope. Tukangoja tangu asubuhi, jua likapita utosini, njaa ikatushika. Mwishowe Aloisi akasema tuanze tu.

Nikajitokeza nyuma ya mgomba. Watoto wakalia, mbwa wakabweka. Nikaanza kumshawishi Eva kwa sauti ya kuteleza niliyoifanyia mazoezi kwenye trekta. Sijamaliza hata sentensi ya kwanza, Mama Gaudensia akaninyang'anya pera na kulitafuna. Alikuwa na njaa, atafanyaje?

Akamkumbuka Adamu, akampa kipande kilichobaki.

Venansi akakitazama kile kipande, akaniangalia mimi, akaangalia umati. Ukatibu ukampanda kichwani. Akasema kwa sauti kubwa, "Suala hili siwezi kuliamua peke yangu. Lipelekwe kwenye kamati."

Kijiji kizima kilicheka mpaka watu wakakaa chini. Hata Mzee Kasiani nilimwona anafuta machozi. Nikajua mke nimepata.

Kumbe wingu lilikuwa linakuja.

Jioni ileile ilishuka mvua ya mawe ambayo mpaka leo sijaona nyingine kama ile. Ilipoisha, tulitoka nje tukakuta ulezi umelala chini kama umekanyagwa na ng'ombe. Na shamba lililoumia kuliko yote lilikuwa la Mzee Kasiani.

Mama yake Leokadia alikuwa amepiga magoti kwenye matope, ameshika masuke yaliyovunjika. Aliponiona akaniuliza, kwa upole kabisa, "Baba, tumemkosea nini Mungu?"

Niliinama nikamsaidia kuokota masuke. Na masizi yalikuwa bado masikioni.

Kesho yake habari imeenea. Aliyeleta mvua ni mimi. Mtu anawezaje kusema maneno ya Shetani vizuri vile kama hana undugu naye? Kilabuni nikinunua pombe naambiwa imeisha. Wamama wakiniona wanapiga ishara ya msalaba. Mzee Kasiani akanitumia ujumbe kwamba binti yake haolewi kuzimu.

Leokadia tulikutana kisimani, akasema harakaharaka bila kuniangalia, "Ongea na watu. Usinyamaze, ukinyamaza nimeisha mimi."

Nikaomba mkutano.

Walikuja wote. Mzee Kasiani akasimama kwanza. "Kabla ya mchezo ulezi ulikuwa umesimama. Baada ya mchezo umelala. Huyu ndiye."

Nikajitetea, "Baba, mimi niliwekwa na katekista."

Aloisi akasema, "Mimi nilitaka mchezo wa mwana mpotevu. Ni katibu aliyesema huo hautavuta watu."

Venansi akaruka, "Mimi nilimwogopa Mungu, nikataka kamati! Aliyekula bila hofu ni huyu mama!"

Mama Gaudensia akasimama, kanga kaifunga vizuri, akanyoosha kidole moja kwa moja kwangu. "Na pera nilipewa na nani?"

Halafu kikasikika kicheko. Alikuwa Bibi Theodora, ajuza aliyemlea hata Mzee Kasiani.

"Wajukuu zangu," akasema, "mchezo si ulishaisha? Mbona mnaendelea?"

Wakuu, nilitaka ardhi inimeze. Tulikuwa tumerudia yaleyale ya bustanini, neno kwa neno, Adamu kamsukumia Eva, Eva kamsukumia nyoka, na safari hii bila hata mavazi ya mchezo.

Lakini Bibi hakumwacha katekista salama. "Aloisi, nieleze. Huo uovu ulitoka wapi?"

Aloisi akajibu kwa ile sauti yake ndogo. "Mungu hakuumba uovu, Bibi. Aliumba viumbe wenye hiari, maana asiye na hiari hawezi kupenda. Mmoja akageuka, na sisi tukamfuata."

"Sawa. Na mvua ya mawe nayo ina hiari?"

Mkutano mzima ukamgeukia Aloisi. Nilimwonea huruma.

"Hapo sijui, Bibi," akasema. "Kweli sijui. Najua tu kwamba Mungu hakukaa pembeni akitutazama tunavyoumia. Alikuja mwenyewe, akaumia na sisi, mpaka msalabani."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Hilo ungelisema mwanzo, tusingepoteza asubuhi."

Mkutano ukaishia hapo, maana mvua za kupandia maharage zilikuwa bado zipo. Tukakubaliana kulima pale palipoharibika, tukianza na walioumia zaidi. Trekta, kama kawaida, lilikuwa linaumwa. Nikashika jembe kwenye shamba la Mzee Kasiani.

Mzee hakunisemesha. Siku kadhaa analima mbele, mimi nyuma. Mpaka akaona nimesimama napuliza viganja. Akaja, akanishika mkono, akaufungua.

"Malengelenge," akasema. "Shetani hana malengelenge."

Akaniachia, akaendelea kulima. Lakini siku hiyo nililetewa ugali na kipande cha samaki, mgebuka wa Kasanga, chakula cha mkwe kabisa.

Pasaka ikaja. Padre akatoka misheni kuja kusomesha misa, na habari zetu alikuwa hazijui. Ikafika sehemu ya kurudia ahadi za ubatizo. Akauliza, "Je, mnamkataa Shetani?"

Badala ya kujibu, kanisa zima likageuza shingo kuniangalia mimi.

Padre akashangaa, akadhani hawakusikia. Akarudia kwa nguvu, "Je, mnamkataa Shetani?"

Mzee Kasiani akasimama. "Padre, tufafanulie. Yule wa kuzimu tunamkataa. Huyu wa trekta tumeshamkubali."

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Yalikuwa haba, maharage ndiyo yaliyotuokoa.

Nilichojifunza ni hiki. Kwa nini mvua ile ilipiga shamba lile, sijui hadi leo, na anayeniambia anajua namtilia shaka. Ila uovu nilijua ulipo. Siku ile ya mkutano ulizunguka vidole vyetu vyote, na changu kikiwemo.

Leokadia ananisoma begani hapa. Anasema niwaambie ukweli wote, kwamba ule mchezo sikuigiza, nilijitokeza tu nilivyo.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye kunipinga anipinge kwa adabu, na kama kuna aliyewahi kuwa Malaika Gabrieli aje atusimulie yeye alilipwa nini.