Jeneza la Mfalme Asiyekuwemo

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali moja huko Maplewood, Marekani, na jioni nasoma katika chuo kidogo mjini Saint Paul. Nilitaka kuwa nesi. Chuo kilisema kabla ya unesi lazima nimalize kwanza masomo mengine, likiwemo la historia, nikaandikishwa kwenye historia ya dunia ya kale bila kuelewa inahusiana vipi na kupima watu presha. Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimgawia kila mmoja wetu mada ya kuieleza mbele ya wenzake. Mimi niliangukiwa na makaburi ya wafalme wa Misri kabla ya piramidi kubwa.

Mada ilinichanganya tangu mwanzo. Piramidi nilizijua kwa picha tu, na nikiwa mtoto kule Kongo nilifundishwa kanisani kwamba Waisraeli ndio waliozijenga kwa mijeledi ya Farao. Vitabu vya chuo vilisema hapana, zilikuwa zimeshasimama zamani mno kabla ya Musa, na waliozijenga walikuwa Wamisri wenyewe. Vikasema pia kwamba mwanzoni hazikuwa piramidi. Mfalme alizikwa chini ya ardhi, na juu yake pakajengwa kitu kirefu cha matofali ya udongo, bapa kama baraza la nje ya nyumba. Kisha mfalme mmoja akataka kaburi lake liwe la mawe. Mafundi wakalijenga, wakalipanua, wakaweka baraza jingine dogo juu yake, na jingine juu ya hilo, mpaka likawa jengo la ngazi sita. Nilisoma ukurasa huo mara nyingi. Nilikuwa nadhani kitu kikubwa namna ile mtu hukiona kichwani mwake kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Hawa inaonekana walikuwa wakibadili mawazo njiani.

Lakini kilichoniweka macho wazi ni habari ya mfalme aliyemfuata. Na yeye alianza piramidi ya ngazi karibu na hapo, ila haikwisha, mchanga ukaifunika na watu wakaisahau. Wachimbaji walipoifikia katika karne iliyopita, walikuta njia ya chini imezibwa kwa mawe, na mwisho wa njia kuna chumba, na chumbani kuna jeneza la jiwe jeupe lililochongwa kutoka pande moja tu la mwamba. Halikuwa na kifuniko cha juu. Lilikuwa na mlango upande mmoja, na mlango umezibwa kwa lipu, haujaguswa. Juu yake kulikuwa na mabaki makavu yaliyofanana na shada la maua. Watu wakakusanyika, mlango ukainuliwa. Ndani hamkuwa na kitu.

Nilikuwa na tatizo la kuzungumza mbele ya Wamarekani. Kiingereza kilinikimbia pale pale nilipokihitaji. Kwa hiyo niliamua kufanya mazoezi nyumbani kwa Kiswahili kwanza, nikimweleza mama. Tuliishi wawili katika nyumba ya kupanga upande wa mashariki wa Saint Paul. Mama alikuwa mezani anachambua maharage, nami nimesimama karibu na friji kama mwalimu.

Alisikiliza kwa adabu habari za matofali na ngazi, mkono ukiendelea kuchambua. Nilipofika kwenye jeneza tupu mkono ukasimama.

“Na maua yalikuwa juu?” akauliza.

Nikamwambia ndiyo, au kitu kama maua. Wengine wanasema ni mbao zilizooza.

“Mtu hawekei maua sanduku.”

Akataka kujua kama wezi waliingia. Nikasema haielekei, kwa sababu lipu ilikuwa nzima. Akauliza kama waliozika walijua hamna mtu ndani. Nikasema sijui. Akauliza mfalme mwenyewe alikuwa wapi basi. Hilo pia sikulijua, na nilianza kuona aibu kwamba najiandaa kufundisha jambo nisilolielewa.

Inabidi niseme habari za baba. Alipotea nilipokuwa darasa la tatu. Wakati wa vita alitoka kijijini kwetu, milimani juu ya Uvira, akisema anakwenda kuangalia kama barabara ya kushuka ziwani ni salama ili sisi tumfuate. Hakurudi. Mwishowe tuliondoka bila yeye, tukavuka kwenda Tanzania, tukaishi kambini miaka mingi, kisha tukaletwa Minnesota. Hakuna aliyewahi kutuambia amemwona akiwa maiti, wala akiwa hai. Kwa hiyo hatukukaa matanga. Watu wa kanisa walipomuuliza mama kuhusu mume wake, alijibu kwamba hajafika. Alisema hivyo mpaka nikazoea, kama vile baba yuko kwenye foleni ya ndege mahali fulani.

Nilimpelekea mwalimu maswali ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wataalamu wamebishana sana na hakuna anayejua. Labda mfalme alizikwa kwingine, labda mwili ulipotea, labda jeneza lile lilikuwa la ibada tu. Akasema kutokujua nako ni jibu zuri katika historia. Nilirudi nyumbani na jibu hilo, mama akalitazama kama mtu aliyeletewa chenji pungufu.

Siku ya kueleza mada nilipita salama. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka niliporudi nikamkuta mama amevaa koti, amekaa kwenye kochi ananisubiri.

“Nataka kumzika baba yenu,” akasema.

Nilidhani simu imepigwa kutoka Kongo, nikakaa chini. Akatikisa kichwa. Hakuna simu. Alikuwa amefikiri tu. Kama watu wale walifunga jeneza tupu na kuweka maua juu, na wao walikuwa na mfalme na mafundi na kila kitu, basi si jambo la wendawazimu. Nikamweleza kwamba hatujui kama walifanya hivyo kwa kukusudia. Akasema yeye atafanya kwa kukusudia.

Nilimpigia simu kaka yangu, ambaye sisi humwita yaya kama ilivyo desturi ya kwetu. Aliishi katika mji wa Savage na mke wake na watoto, akifanya kazi kwenye ghala karibu na mto. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akamsikiliza mama, uso ukamkunjamana.

“Mama, tutazika nini?”

“Tutamzika baba yenu.”

“Yuko wapi?”

Mama akaendelea kupakua chakula. Yaya akasema kumzika mtu ambaye hatujui kama amekufa ni kumuua. Yeye ndiye mtu wa mwisho kuongea na baba. Alimsindikiza mpaka kwenye kijito, na baba akamwambia atuangalie mimi na mama hadi atakaporudi. Hakuwahi kumwambia asubiri mpaka lini. Akaondoka bila kugusa chakula, na kwa wiki kadhaa hakuja.

Mimi sikujua nisimame upande gani. Nikiwa na mama niliona ana haki. Nikiongea na yaya kwenye simu niliona yeye ndiye mwenye haki. Kazini nilikunja mashuka nikijaribu kuamua kama nina baba au sina, na hesabu haikutoka.

Mchungaji wetu naye alitatizika. Alikuwa Mkongo kama sisi, mtu mpole, na kanisa letu lilitumia ukumbi wa kanisa la Wazungu mchana. Alisema vitabu vyake vina ibada ya kumzika aliyekufa na ibada ya kumwombea aliye safarini, na hajui mama anataka ipi. Mama akasema zote mbili. Mchungaji akaomba apewe muda, na baada ya muda huo akasema atakuja na kitambaa chake cha shingoni cha ibada na Mungu atachagua maneno.

Watu wa makaburi walituambia inaruhusiwa kuweka jiwe la kumbukumbu hata bila mwili, ila tungoje theluji iyeyuke, kwa kuwa udongo ulikuwa mgumu kama saruji. Mchonga jiwe akauliza tarehe ya kufa. Nikamtafsiria mama. Akasema aandike ya kuzaliwa, kisha aache. Yule fundi akaniuliza kama nimetafsiri sawasawa.

Kabla theluji haijaisha, baba mdogo alipiga simu kutoka Uvira. Alikuwa amesikia mipango yetu, na alikuwa na habari ambayo hakuwahi kuisema kwa kuwa hakuiamini. Mfanyabiashara mmoja, miaka iliyopita, alimwona katika mji wa Kalemie mtu anayefanana na baba, anauza makaa, anachechemea. Akamwita kwa jina. Yule mtu hakugeuka.

Yaya alifika siku hiyo hiyo, bado na buti za kazini. Tukaiweka simu mezani, sauti juu, baba mdogo akarudia yote. Yaya alikuwa anatembea huku na huku, anasema tuahirishe kila kitu, tutume mtu Kalemie, tutafute picha. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tukiwa watoto. Mama aliuliza alikuwa anachechemea mguu upi. Baba mdogo hakujua. Akauliza kama yule mfanyabiashara aliita mara moja au zaidi. Baba mdogo akasema zaidi.

Mama akavuta kiti akakaa.

“Labda si yeye,” akasema. “Na kama ni yeye, hakugeuka. Mimi namzika yule aliyekuwa anageuka nikimwita.”

Yaya akatoka akakaa garini muda mrefu. Baadaye tulituma mtu Kalemie. Alirudi akisema wauza makaa ni wengi na wachechemeao pia.

Siku ya mazishi jua lilikuwepo lakini upepo ulikuwa wa baridi. Mfanyakazi wa makaburi, kijana mwenye kofia ya rangi ya chungwa, alinijia akaniuliza kwa heshima gari la marehemu litafika saa ngapi. Nikamwambia hakuna gari. Akaangalia watu waliovaa nyeusi, akaangalia shimo dogo tuliloomba lichimbwe, akasema pole akasogea pembeni.

Mama alikuwa amenunua kisanduku cha mbao. Kwa wiki nzima tulikuwa tumejadili kiwekwe nini, maana hatukuvuka ziwa na kitu chochote cha baba, hata kifungo. Mimi nilipendekeza Biblia. Yaya, kwa hasira, alipendekeza udongo wa kwetu kama upo mtu wa kuuleta. Asubuhi hiyo mama alikifuta kwa kitambaa, akakifunga kikiwa kitupu, akakibeba mapajani njia nzima.

Mchungaji aliomba kwa ajili ya ndugu yetu, popote alipo, na watu wakaitikia amina kwa sauti zisizolingana. Kisanduku kiliposhushwa shimoni akina mama walianza wimbo, nami nikangoja kilio kije. Hakikuja. Nilikuwa natazama jiwe lenye jina na tarehe moja na nafasi iliyobaki laini, nikijiuliza kama ninaomboleza au naigiza. Kisha nikasikia mama analia, kilio chenyewe cha kwetu, kinachopanda na kushuka na kumwita mtu kwa jina. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo. Yaya, aliyekuwa amesimama mbali mikono mfukoni, alikuja, akachukua koleo kwa yule kijana wa kofia, akafukia mwenyewe mpaka mwisho. Hakuruhusu mtu amsaidie.

Baadaye tulikwenda kwake Savage kula. Mama alikula sana, akalala kwenye kochi na viatu vyake. Watoto wa yaya, wanaoelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, walimuuliza baba yao tumemzika nani. Akawaambia, kwa Kiingereza chao, kwamba tumemzika babu. Mdogo akauliza alikufa lini. Yaya akawaambia waende wakacheze nje.

Tulipobaki jikoni akafungua maji, akamimina sabuni, akaanza kuosha vyombo.

“Sijui kama nimewadanganya,” akasema.

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta sahani alizokuwa akinipa.