Kopo Langu Mbele ya Darasa

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule uasi wa kwanza ulipotufungia milango, miaka michache tu baada ya uhuru, na sikurudi tena. Nilianza kwa kuuza karanga, nikafika kuwa na meza ya mchele kubwa kuliko zote sokoni Mangobo. Peke yangu. Waulizeni.

Basi vita viliporudi, mimi sasa baba wa watoto sita, sikukimbia. Mwalimu wa binti yangu mdogo alikuwa amekwenda Isangi kumzika mama yake, na njia ya mto ikafungwa nyuma yake. Mkubwa wa shule akaomba mzazi mmoja ashike darasa juma moja, watoto wasizurure kati ya askari. Niliinua mkono kabla hajamaliza kusema. Ukweli ni kwamba siku zile binti yangu alikuwa ameniambia, "Papa, mwalimu anasemaka mutu asiyesoma anahesabu na vidole." Nilitaka aone.

Jumatatu sikuketi hata mara moja. Kusoma nilimwachia binti yangu asome kwa sauti. Mimi nilizunguka kati ya mabenchi kama mtu anayewinda makosa. Jumanne, hesabu za kichwani. Hapo nilikuwa mfalme: watoto arobaini na watatu, na hakuna aliyeniwahi. Jumatano ndege ilipita chini sana kuelekea uwanja wa ndege wa Simi-Simi, watoto wakawa chini ya mabenchi kabla sijajua nijifiche wapi.

"Tonton, kuja huku, iko nafasi!" wakaniita, kama mjomba wao.

Wakacheka, nami nikacheka.

Alhamisi ilikuwa zamu ya vipimo. Binti yangu alinisomea daftari la mwalimu: makopo matatu hujaza lita moja. Shule ilikuwa na lita ya bati ya enzi ya Wabelgiji, ila kopo haikuwa nalo. Nilitoka mbio hadi sokoni nikaleta langu la kupimia mchele.

Nikamimina maji. Moja. Mbili. Tatu. Maji yakasimama vidole viwili chini ya ukingo.

"Tonton umemwanga maji," akasema mvulana mmoja.

Nikarudia polepole. Vidole viwili. Msichana wa benchi ya mbele akalipindua kopo.

"Angalia, kitako iko mu ndani! Kama tumbo ya mutu iko na njaa!"

"Bon, ni hii lita ndiyo mbovu," nikasema. "Ya kizamani."

"Mama anasemaka muchele yako inaishaka mbio, tonton."

Kila muuzaji pale sokoni hugonga kitako cha kopo lake kwa nyundo, kikapanda juu na kopo likabeba pungufu. Langu nililigonga miaka kumi na mmoja kabla, na mkono ulilizoea hata nikasahau. Darasa zima likapiga kelele. Binti yangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia daftari, kalamu mkononi.

"Papa," akasema, kwa sauti ndogo, "niandike ngapi?"

Nilitembea mpaka dirishani, nikarudi. Nikaenda tena. Arobaini na watatu walikuwa wakiningoja, lakini mimi nilimwona mmoja.

"Andika matatu na nusu," nikasema. "Kwa kopo ya papa yako, matatu na nusu."

Ijumaa nilikuta akina mama wa wanafunzi mlangoni.

"Alors, papa mwalimu! Na sisi tumekuja kujifunza."

Nikawaambia kila mtoto atapewa kopo moja la mchele bure, lililopimwa kwa kopo jipya lenye kitako kilichonyooka, ambalo nitalinunua mbele yao. Kisha nikamwita binti yangu ubaoni ahesabu nitalipa ngapi: watoto arobaini na watatu, mchele wa faranga kumi na tano kila mmoja, na kopo jipya la faranga thelathini na tano. Jibu nilikuwa nalo kichwani kabla hajashika chaki. Nilimwachia yeye. Hakutumia vidole. Aliandika, akalipigia mstari, akanigeukia: faranga mia sita na themanini.