Igisoro cha Mama Ndani ya Disketi

Mama alipokuwa na mimba yangu, daktari alimwamuru alale kitandani mpaka ajifungue. Wazazi wangu waliishi Goma wakati huo. Baba alikuwa akifundisha hisabati sekondari, na alikuwa amenunua kompyuta ya nyumbani kutoka kwa mwalimu mwenzake mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kibodi ilikuwa nene kama tofali, kisanduku cha disketi kikakaa pembeni, na televisheni ndiyo ikawa kioo chake. Baba aliandika programu ya igisoro, lile bao letu la mashimo na kete, ili mama asikose wa kucheza naye yeye akiwa kazini. Mama alicheza hadi nikazaliwa, na baada ya hapo hakuacha.

Waliporudi Rwanda walivuka mpaka na mashine hiyo. Sasa iko sebuleni kwao hapa Gisenyi, kando ya ziwa, chini ya kitambaa alichofuma mama, na kila Jumapili baada ya misa yeye huiwasha.

Jumapili moja mwaka jana nilikuwa nimetoka kwangu Nyundo kuja kula nao, mashine ikagoma.

"Baba yao, kuja uone," mama aliita. "Hii kitu inakataa."

Baba aliichomoa disketi, akaigeuza mbele ya dirisha. Kwenye uwazi wake tuliona madoadoa meupe ya ukungu. Unyevu wa ziwa hausamehe vitu vya aina hiyo.

"Iko inaoza," alisema. "Tuikopi leo leo."

Alitoa disketi tupu kutoka kopo la maziwa ya unga, kisha akaanzisha programu ya kunakili iliyokuwa kwenye disketi nyingine. Kumbukumbu ya mashine ni ndogo na tundu la disketi ni moja, kwa hiyo inasoma kidogo kutoka ya zamani, inaomba mpya, inaandika, halafu inaomba tena ya zamani. Ukikosea ukaweka ya zamani pale inapotaka mpya, unajifutia kila kitu. Kwa sababu hiyo baba alibandika kipande cha plasta juu ya pengo dogo la ubavuni mwa disketi ya zamani, ili mashine isiweze kuandika kitu juu yake. Mama alizishika zote mbili, moja kila mkono.

"Ya zamani," baba alisema.

"Hii hapa."

"Mupya."

"Hii. Mi sichanganyi, we angalia kazi yako."

Tulifika katikati, mashine ikakwaruza kama mtu anayesafisha koo, ikasimama. Baba alipangusa kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, tukaanza upya. Ikasimama palepale. Ndipo alipoacha kunakili disketi nzima, akafungua programu nyingine inayoonyesha faili kwa majina, akaanza kuzihamisha moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa igisoro. Kila mama alipozoea kulishinda toleo moja, baba alikuwa akimwandikia jingine gumu zaidi. Ya kwanza ilipita, na zilizofuata zikapita. Iliyokataa ni ya mwisho, ile mama aliyokuwa akiicheza.

Baba alisukuma kibodi mbali.

"Ile ndiyo ilikuwa muzuri," alisema. "Na siwezi kukumbuka vile niliifanya."

"Mi nakumbuka," mama akasema.

"Unakumbuka nini? Programu hujui hata mustari moja."

"Programu sijui. Najua vile inacheza. Ukiiachia kete za kukula, haikimbilii. Inangoja. Inakuacha ufurahi, halafu inakuzunguka kwa nyuma."

Baba alimtazama, akavuta kibodi karibu. "Sema pole pole," alimwambia.

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo kazi yao. Mama anaeleza, baba anaandika, mama anacheza na kutikisa kichwa. Kila wanapobadilisha kitu tunakopi kwenye disketi mbili, na moja naondoka nayo hadi Nyundo.

Majuzi nilimkuta mama ameshindwa na mashine. Aligusa shimo moja kwenye kioo.

"Bado," akasema. "Ile ya zamani haingeacha ile shimo wazi."

Baba alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaketi tena kwenye kiti chake. Nilimfuata mama jikoni, alikokuwa akimenya viazi, nikamuuliza kama ni kweli bado.

"Ilishaifikia ile kitambo," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ya sasa hata inapita ile. Lakini we usimuambie."

Jumapili iliyofuata nilipoingia tu nilisikia mama ameanza kulalamikia rangi ya kete, na baba anamuuliza anataka rangi gani.