Uzi Mwekundu kwenye Chupa ya Kaka

Simu iliita saa nne asubuhi nikiwa nimeinamia beseni la mashuka. Mimi ni mfuaji katika nyumba ya kulala wageni. Mikono ilikuwa na povu, nikaiacha ikaita mpaka ikakatika. Ilipoita tena nikajifuta kwenye aproni. Alikuwa mama mshonaji, anayefanya kazi na kaka yangu kwenye banda la magodoro.

"Mdogo wangu, uko wapi?"

"Kazini, dada."

"Kaa chini kwanza."

Sikukaa. Akaniambia kaka ameanguka akiwa na sindano mkononi, wamemkimbiza hospitali, na hospitali wamesema hakufika hai.

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa kilio. Ilikuwa chupa.

Kaka alitengeneza magodoro ya pamba kwa miaka ishirini na sita. Watu walimletea godoro lililobonyea, analipasua, anaichambua pamba, anaipiga fimbo mpaka vumbi litoke, halafu analijaza upya na kulishona. Kazi hiyo ilinisomesha mimi hadi kidato cha nne, na yeye ikamharibia pua. Kila asubuhi aliamka macho mekundu, paji la uso linamgonga, sauti kama ya mtu aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo. Bandani walimwita Pua.

"Pua, leo umeamka na chafya ngapi?"

"Kumi na saba."

"Jana kumi na nne. Unapanda cheo."

Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyemwokoa. Alimwambia ana mzio wa kazi yake mwenyewe, na kama hawezi kuiacha, basi aoshe pua kama anavyoosha uso. Maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja. Chumvi isiyotiwa madini joto, robo kijiko cha chai. Unainama juu ya sinki, unalaza kichwa upande, unapumua kwa mdomo, unamimina taratibu tundu la juu na maji yanatokea tundu la chini. "Lakini maji ya bomba hivihivi yasiingie puani hata siku moja," alisema. "Kuna vijidudu ambavyo tumboni havina neno, ila vikipita puani vinaweza kuua."

Kwa kuwa kaka alikuwa akiondoka mapema kwenda kazini, kuchemsha ilikuwa kazi yangu ya jioni. Nachemsha, nafunika, yakipoa namimina kwenye chupa, yanayobaki nayaacha sufuriani, kisha nafunga shingoni uzi mwekundu wa kushonea magodoro. Chupa yenye uzi ni salama. Isiyo na uzi, asiiguse. Tulikwenda hivyo miaka tisa.

Maji yakiwa puani hawezi kusema, kwa hiyo alinijibu kwa kugonga sinki. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

"Kaka, chai?"

Ko.

"Na sukari?"

Ko, ko, ko.

"Sasa tatu ndiyo nini?"

Akamaliza, akapenga kamasi, akasema, "Vijiko vitatu."

Jioni ile ya mwisho nilikuwa nimefua mashuka themanini. Mgongo haukuwa wangu. Nilichota maji kwenye ndoo, nikajaza chupa, nikafunga uzi. Nikajiambia siku moja haiui mtu. Hata sala yangu niliiacha nusu, nikalala.

Hospitali nilimwambia daktari kila kitu kabla hajaniuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijaza lini?"

"Jana jioni."

"Kaka yako amekufa kwa moyo, mama. Vijidudu hivyo vingechukua siku kadhaa. Huu haukuwa mkono wako."

Nilimshukuru. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani niliona uzi ule tu. Moyo au si moyo, kaka yangu alikwenda kazini ameamini fundo langu, na fundo lilikuwa la uongo.

Jioni mama mshonaji alileta mfuko wa kaka, akakaa nami jikoni. Kisha akasema, "Leo alichelewa, unajua. Nikamtania, Pua, godoro limekushika? Akasema alikuwa anachemsha maji. Eti sufuria alilikuta kavu, limetundikwa msumarini, akajua mdogo wake karudi hoi, kasahau kuchemsha. Akaniambia, 'Usimwambie, atajisikia vibaya.'"

Nikainuka, nikaenda kwenye sinki la bafuni. Tangu nirudi sikuwa nimethubutu kuliangalia. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni kama nilivyoiacha. Uzi alikuwa ameufungua, akaukunja vizuri kando yake. Nikarudi jikoni, sufuria lilikuwa limefunikwa, na ndani maji yaliyobaki, glasi kama mbili.

Alidhani nimesahau. Sikusahau. Hilo nimemwambia Mungu, kwa kuwa kaka hayupo tena wa kuambiwa.

Tulimzika kesho yake saa nane mchana. Wenzake wa bandani walibeba jeneza, nao mashati yao yalikuwa bado na nyuzinyuzi za pamba. Mchungaji alisoma kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa kali. Tukaimba wimbo mmoja. Nilipoitwa kuaga niliweka mkono juu ya ubao, nikamwomba msamaha kimoyomoyo, nikagonga mara moja. Waliposhusha jeneza na kuanza kufukia, vumbi lilitimka na watu watatu wanne wakapiga chafya. Mama mshonaji alinipa kitambaa chake. Mchungaji akafunga kwa sala. Nilingoja mpaka kaburi likawa sawa, kisha tukaondoka.